Mkaa Kidogo, Chakula Kile Kile

Hotuba iliyotolewa mjini Bujumbura mbele ya wajumbe wa kamati za jamii za wakimbizi, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



 Kila mwaka tarehe 20 Juni tunasikia hotuba juu ya haki za mkimbizi, haki ya kulindwa, haki ya shule na haki ya kurudi kwao kwa heshima. Hotuba hizo ni njema na lazima ziendelee. Lakini safari hii kamati imeniomba niseme juu ya kitu kilichomo katika kila nyumba yetu, ambacho hakuna anayekiandikia risala. Nacho ni moto wa kupikia. Msidhani ni jambo dogo. Anayepewa maharagwe bila kuni amepewa nusu ya chakula.

Nianze na habari yangu mwenyewe. Nilipovuka mpaka wa Gatumba nikitoka upande wa Uvira, nilikuwa na watoto wanne na sufuria moja isiyo na mfuniko. Tulipanga chumba kimoja Buyenzi. Mchana nilikuwa nauza ndizi, jioni napika. Mkaa, au makala kama tunavyosema wengi wetu, nilinunua kwa ndoo ndogo, maana asiye na fedha ya gunia hununua kidogo kidogo, na anunuaye kidogo kidogo ndiye anayelipa ghali zaidi. Maharagwe yangu yalianza kuchemka jua likiwa bado juu, yakaiva watoto wamekwisha lala. Siku moja jirani yangu, mama Mrundi, akasimama mlangoni akitazama mvuke unavyopanda. Hakusema neno. Akaenda kwake, akarudi na sahani ya bati, akaifunika sufuria yangu, kisha akaniambia, "Mama, wewe unapikia paa." Tangu jioni ile nilianza kubakiwa na mkaa wa kuchemshia chai ya asubuhi.

Baadaye tulihamia kambini, katika mikoa ya mashariki. Huko sahani ile peke yake haikutosha. Kuni tulizopata ziliisha kabla ya mwezi kuisha, na miti iliyokuwa karibu ilikuwa ya serikali au ya wenye mashamba. Nikafanya kama mlivyofanya wengi wenu: niliuza sehemu ya maharagwe ili nipate makala ya kupikia maharagwe yaliyobaki. Hapo simwambii mtu habari ya ajabu. Kila mama aliyemo humu anaijua hesabu hiyo. Ndiyo sababu nasema kwamba kuokoa mkaa si somo la wageni wenye magari. Ni kurudisha chakula kwenye sahani ya mtoto wako.

MKAA UNATOKA WAPI

Tunaokaa Bujumbura tunawaona kila siku vijana wa baiskeli wanaoteremka barabara ya Bugarama kwa kasi ya kutisha, wamebeba ndizi na magunia ya mkaa, na wakati wa kupanda wanashika nyuma ya malori. Tunawahurumia, halafu tunanunua gunia bila kufikiri limegharimu nini.

Basi tufanye hesabu. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa hutokana na kilo 6 mpaka 10 za kuni. Kilo hiyo 1 ya mkaa ina nguvu ya moto karibu mara mbili ya kilo 1 ya kuni kavu, wala haizidi hapo sana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mti imekwisha potea mlimani kabla gunia halijafungwa kamba. Kile kidogo kilichobaki tunakileta nyumbani, tunakiweka katika mbabula ya bati tupu inayopasha joto ua mzima, na juu yake tunaweka sufuria iliyo wazi. Kwa hiyo mti unapotea mara mbili, kwanza mlimani na tena jikoni. Ya mlimani hatuwezi kuizuia sisi. Ya jikoni tunaiweza.

Na miaka ya karibuni, kila petroli ilipoadimika katika nchi hii, bei ya kusafirisha ilipanda na mkaa ukapanda nayo. Maskini hana namna ya kuishusha bei ya gunia. Alichonacho ni namna ya kulifanya gunia lidumu.

WALIOTUTANGULIA

Ndugu zangu, jambo hili limekwisha tokea kwa wakimbizi wengine na yafaa tujifunze. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Wakawekwa Benaco, wilaya ya Ngara. Kwa wiki chache Benaco ikawa mji mkubwa, na kila nyumba ya mji ule ilipika kwa kuni. Mwanzo kuni zilikuwa karibu. Halafu ikawa kilomita chache, na hatimaye wanawake na wasichana wakawa wanatembea kilomita 10 na zaidi. Mwaka ule ule, upande wa Goma, kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga ziliwekwa karibu na mbuga ya Virunga na nyingine pembeni mwake kabisa. Watu waliingia msituni kila siku kutafuta kuni, na mwaka huo huo wa 1994 UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Je, watu wale walikuwa wabaya? Hapana. Walikuwa na njaa na watoto. Lakini mti haujui kama aliyeukata alikuwa na sababu njema. Na msitu unapokwenda mbali, anayeufuata si mwenyekiti wa kamati wala mgawa chakula. Ni binti wa miaka 12 mwenye kamba mkononi. Yaliyowapata mabinti wengi njiani, sina haja ya kuyataja mbele ya watoto. Wazazi mnaelewa. Mzigo wa kuni uliookoka nyumbani ni safari moja ambayo binti yako hakwenda.

Mwaka 2025 mapigano ya Kivu yaliwasukuma tena maelfu ya ndugu zetu kuvuka mto Rusizi. Wengi walikaa kwanza katika uwanja wa Rugombo, na wengine wakapelekwa Musenyi, upande wa Rutana. Anayefika hivi leo hukata kilicho karibu, na hana kosa. Kosa litakuwa letu sisi wa zamani, tunaojua, tukinyamaza.

MILIMA YA WENYEJI WETU

Wenyeji wetu Warundi wanajua ukimbizi. Wengi wao walikimbia mwaka 1972, wengine 1993, na wengine 2015. Wametupokea katika nchi ndogo yenye watu wengi, ambamo karibu kila nyumba, ya mwenyeji na ya mgeni, hupika kwa kuni au mkaa. Hatupiki sisi kwenye msitu wa mtu mwingine aliye mbali. Tunapika kwenye mlima wa jirani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu yetu imepita zamani. Jembe letu mojawapo ni hili la kutunza miti.

Tazameni mfano wa taa hizi. Kituo cha umeme cha Rwegura, kilichoanza kazi mwaka 1986 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikubwa kuliko vyote vilivyomo nchini, kinategemea maji yanayotunzwa na msitu wa Kibira. Msitu ule wa hekta 40,000 hivi hushika mvua na kuiachia maji polepole. Mlima ukibaki uchi, mvua hushuka yote kwa siku moja na kubeba udongo. Kiangazi maji hupungua, nasi huku Buyenzi na Kinama tunakaa gizani tukilalamikia REGIDESO. Kumbe kuni, maji na umeme ni ndugu wa tumbo moja.

Na mliowahi kukaa Gatumba mnajua upande wa pili wa habari hiyo. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika ukaingia majumbani, na miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda, watu wakahama na magodoro kichwani. Sababu kubwa ilikuwa mvua nyingi kupita kiasi, lakini udongo unaoteremka kutoka milima iliyo uchi huongeza taabu.

Kuna atakayeniuliza, "Mama, hewa chafu ya dunia inatoka kwa mataifa tajiri yenye viwanda na magari. Kwa nini unatuambia sisi?" Swali ni la haki. Hewa ya ukaa inayotolewa na mtu mmoja wa Burundi ni miongoni mwa ndogo kabisa duniani. Wenye deni kubwa walipe deni lao. Lakini mimi sikuja kuwaambia mlipe deni la wengine. Nimekuja kwa ajili ya ndoo yako ya mkaa, kifua cha mtoto wako na mlima wa jirani yako. Dunia ikifaidika nayo, na ifaidike.

TUFANYE NINI NYUMBANI

Kwanza, funika sufuria. Mfuniko ukikosekana, sahani ya bati inatosha. Maharagwe yakichemka, punguza moto. Maji yanayotokota sana na yanayochemka taratibu yana joto lile lile, na maharagwe hayajui tofauti.

Pili, loweka maharagwe tangu jioni, kisha mwaga maji yale na kupikia mengine. Maharagwe yaliyolowekwa usiku mzima huiva mapema zaidi. Ni kazi ya dakika mbili na haigharimu hata faranga moja.

Tatu, kausha kuni na kuzipasua. Kuni mbichi inaweza kuwa nusu yake maji. Moto wako unaanza kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani ya kuni kabla ya yale ya sufuria, ndiyo sababu nyumba hujaa moshi. Pasua vipande vyembamba, vianike juani, vitunze pasiponyesha. Na ukimaliza kupika zima moto, usiache kuni zijiunguzie bure.

Nne, badili jiko. Mafiga matatu yaliyo wazi hupeleka kwenye sufuria sehemu kama moja ya kumi ya joto, pengine zaidi kidogo, na lingine lote linakwenda na upepo. Chukua udongo wa kichuguu uliotwangwa, changanya na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi, finyanga jiko linaloikumbatia sufuria, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kimoja kuzunguka. Mlango wa kuni uwe mdogo. Liache likauke wiki mbili au tatu kivulini kabla ya kuliwasha, la sivyo litapasuka. Ndugu zetu wa Rwanda wana majiko ya namna hii wanayoyaita rondereza, yaani "okoa". Kwa wanaotumia mkaa, mtafute mbabula yenye udongo wa kuchomwa ndani. Kenya ilianza kutengeneza majiko ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na likitumiwa vizuri huokoa theluthi moja mpaka nusu ya mkaa. Ni ghali kuliko bati tupu, nakubali. Basi wekeni fedha kwa zamu, akina mama watano watano, kila mwezi mmoja anunue.

Tano, tumia kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa au boksi, jaza majani makavu ya migomba au nguo kuukuu pande zote, acha shimo la sufuria. Mchele ukichemka dakika 10 hivi, funga sufuria vizuri, itumbukize, funika juu kwa mto wa nguo, nenda shamba. Ukirudi wali umeiva bila moto. Maharagwe yaliyolowekwa yachemshe sana kwa nusu saa kwanza, yakae kikapuni saa tatu au nne, kisha yachemshe tena kabla ya kula. Msiache hatua hizo za kuchemsha, maana maharagwe yasiyochemshwa vizuri huumiza tumbo.

Sita, usitupe chenga za mkaa. Vumbi linalobaki chini ya gunia lichanganye na udongo wa mfinyanzi, sehemu 1 ya udongo kwa sehemu 5 za vumbi, tia maji, finyanga vidonge vya ukubwa wa yai, anika mpaka vikauke kabisa. Vinawaka polepole na vinafaa sana kwa maharagwe. Kazi hii vijana wanaweza kuifanya kwa pamoja na kuuza.

Saba, kwa wenye umeme: taa ya zamani ya wati 60 na ile ya LED ya wati 8 au 9 zinatoa mwanga unaokaribiana. Na kwa wasio na umeme, taa ndogo ya jua ni bora kuliko kibatari, kwa mfuko na kwa macho ya mwanafunzi.

Hapa nisisitize jambo la uhai. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Usiingize mbabula chumbani usiku wa mvua ukafunga mlango ili watoto wapate joto. Wamelala watu wazima namna hiyo wasiamke. Na moshi nao huua polepole. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Pikia nje au penye dirisha, na mtoto asibebwe mgongoni mbele ya moshi.

KWA AKINA BABA, KWA KAMATI

Akina baba, nisameheni kwa ukweli huu. Anayekaa na fedha ya mbabula mpya mara nyingi si yule anayevuta moshi. Kupasua kuni ni kazi ya misuli, kufinyanga jiko ni kazi ya mikono, na kuandamana na watoto kwenda kutafuta kuni ni kazi ya ulinzi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayompunguzia mtu ubaba.

Ndugu wajumbe wa kamati, ninyi nawaomba mambo matatu. La kwanza, mgeni mpya anapofika mtaani au kambini, siku ya kwanza aonyeshwe maji na choo, na siku ya pili afundishwe jiko. La pili, tupande miti. Wenyeji wetu walianza mwaka 2018 mpango wa kitaifa wa kupanda miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, yaani "Ewe Burundi, jivike". Siku za Jumamosi wanapotoka kufanya kazi za pamoja, watuone tumo, na miche mikononi. La tatu, mnapokaa na mashirika msione haya kusema: ukitupa maharagwe makavu, tupe na cha kuyapikia, au utupe chakula kinachoiva haraka. Hilo si kudeka. Anayeokoa nusu ya kuni zake nyumbani ana haki ya kudai nusu ya pili kwa sauti kubwa.

Ndugu zangu, hatukuleta nyumba zetu wala mashamba yetu. Siku ya kurudi, ambayo naiomba ije upesi, hatutachukua vingi. Lakini ningependa mwenyeji wa mlima ule, tutakapokuwa tumeondoka, atazame miti yake aseme, "Walikaa hapa watu wengi, na bado tuna kuni."

Ile sahani ya bati ya jirani yangu wa Buyenzi ninayo hata leo. Imepinda na imekuwa nyeusi. Alinipa mtu ambaye hakuwa na vingi kuliko mimi, na hakutaka shukrani. Shukrani yenyewe ndiyo hii ninayoitoa leo kwenu. Leo jioni mkifika nyumbani, kabla hamjapumzika, funikeni sufuria na loweka maharagwe ya kesho. Haba na haba hujaza kibaba.